Nenda na shahidi wako: namna ya kushiriki kongamano la enzi ya barafu ukitokea kwetu

Bango langu la kwanza lilikuwa refu kuliko ubao wa kulibandikia. Nililichapisha Dar es Salaam, kwenye duka linaloishi kwa kadi za michango ya harusi, kwa saizi ambayo kila fundi anaijua: A0 ya kusimama, sentimita 118.9 kutoka juu hadi chini. Kufika Vienna nikakuta ubao umelala. Upana karibu mita mbili, kimo mita moja tu. Vipimo vilikuwa kwenye barua pepe niliyoifungua nikiwa nimebanwa kwenye daladala, nikaifunga, basi. Sentimita kumi na tisa za chini zikabaki zinaning'inia na kujikunja, na huko chini ndiko nilikokuwa nimeliweka jedwali la tarehe za tope langu. Picha ya ziwa juu, ramani katikati, tarehe chini. Niliona tarehe ni mambo ya wahasibu.

Akaja mzee mmoja mwenye sweta. Picha hakuitazama, ramani hakuitazama. Alichuchumaa, akalikunjua lile kunjo kwa vidole viwili, akaanza kusoma tarehe mojamoja. Nami nikachuchumaa kando yake, suti yangu ya kuazima ikilalamika magotini. Tulikaa hapo zaidi ya nusu saa, na maswali yake yalikuwa matatu tu, akiyarudia kwa kila mstari: ulipima nini hasa, ulikitoa kina gani, na ulirekebisha tarehe kwa mkunjo upi?

Tangu hapo nimekwenda mengine, na kila mwaka vijana wa idarani huniuliza, "Kaka, mtu anaanzaje?" Nimechoka kujibu kwenye ngazi. Nayaandika hapa.

Kazi yangu ni tope. Sisi maabara tunasema kori: bomba linazamishwa chini ya ziwa, linapanda na nguzo ya tope iliyolala tabaka kwa tabaka. Mvuvi aliyetubeba mara ya kwanza aliuita "mua wa tope", na tangu siku hiyo sijaona jina bora. Nimekulia Ukerewe. Nilipomwambia marehemu bibi yangu kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, kwamba pale wanapopita sangara leo palikuwa udongo na nyasi, hakuacha hata kugeuza dagaa juani. Aliuliza neno moja: "Nani aliona?"

Nimekaa kwenye vikao vya maprofesa wa mabara matano na sijasikia swali linalolizidi hilo. Maandalizi yote ninayokueleza ni ya kulijibu.

Uanzie mkutano gani

Usianze na mkubwa. Najua jina linavutia. Ule mkubwa kuliko yote wa fani hii ni wa INQUA, umoja wa kimataifa wa watafiti wa Kwaternari, yaani kipindi cha miaka milioni 2.6 iliyopita ambamo barafu imekuwa ikipanda na kushuka. Ulianzia Copenhagen mwaka 1928 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Afrika uliingia Durban mwaka 1999. Mwaka 2019 ulikuwa Dublin, 2023 Roma, na wa 2027 umepangwa Lucknow, India. Ni wiki nzima, vikao vingi kwa wakati mmoja, na kama hujui nani ni nani utaimaliza ukitafuta vyumba.

Wa EGU, umoja wa Ulaya wa sayansi ya dunia, unaofanyika Vienna, kwa kawaida mwezi wa nne, ni soko la Kariakoo la sayansi ya dunia. Enzi ya barafu ni kichochoro kimoja ndani yake: wapo wa matetemeko, wa volkano, wa sayari ya Mirihi. Faida yake ni kwamba upo kila mwaka. Hasara yake ni hiyohiyo. Watu wamezoea, wanapita haraka.

PAGES, mtandao wa watafiti wenye ofisi yao Bern, Uswisi, wanashughulika na historia ya tabianchi, na hawa ninawapenda. Wana vikundi kazi ambavyo unaweza kujiunga navyo bila kulipa, warsha ndogo za watu ishirini au thelathini, na kabla ya mkutano wao mkuu huwa na mkutano wa watafiti vijana peke yao. Ukiwa na umri wa kuitwa kijana, ingilia mlango huo.

Lakini mimi ningekupeleka kwanza kwa EAQUA, umoja wa wenzetu wa Afrika Mashariki wa Kwaternari. Ukumbi mmoja, kila mtu anasikiliza kila mtu, na ukikosea jina la mto yupo aliyezaliwa kando yake. Au kwenye lile kongamano la akiolojia la Afrika nzima, ambalo mwaka 2022 lilifanyika Zanzibar. Mahali pa haki kabisa: enzi ya barafu ilipofika kilele, bahari ilishuka zaidi ya mita 120, mkondo ule wa kina kifupi kati ya Unguja na bara ukawa nchi kavu, na Unguja ikawa rasi ya bara. Mifupa ya punda milia imefukuliwa Pango la Kuumbi, na punda milia hawakuja kwa boti ya Azam. Pemba yenyewe ilibaki kisiwa, mkondo wake una kina kirefu mno. Mpemba atakukumbusha.

Kuna mkutano wa aina nyingine kabisa ambao watu wa tope huwa tunaudharau: jukwaa la utabiri wa mvua la nchi za Pembe ya Afrika, GHACOF, lililoanza 1998 na linaloratibiwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha nchi hizo, mara tatu kwa mwaka, kabla ya kila msimu. Pale hakuna anayejali miaka 15,000. Kuna watu wa hali ya hewa, wa mifugo, wa mabwawa ya umeme, wa maafa, na wanataka kujua vuli itakuwaje. Nenda ukakae nyuma usikilize. Utagundua swali linalowakosesha usingizi: programu nyingi za kompyuta zinasema Afrika Mashariki itazidi kupata mvua kadiri dunia inavyopata joto, wakati masika kwa miongo kadhaa ilionekana kupungua. Hapo ndipo tope lako lina la kusema, kwa sababu limeshuhudia dunia ikipata joto mara moja kabla, barafu ilipoyeyuka. Ukilijua swali lao, ikisiri yako ya Vienna, yaani muhtasari wa kuombea nafasi, itaandikika vingine.

Jua ugomvi uliotangulia

Kila fani ina ugomvi wake wa zamani mezani, na mgeni asiyeujua huketi kwenye kiti cha mtu. Wetu ulianzia Nairobi.

Januari 1947 mwanaakiolojia Louis Leakey aliitisha kongamano la kwanza la Afrika nzima la historia ya kale. Wakati huo hapakuwa na njia ya kupima umri wa tope. Redio-kaboni, njia ya kupima umri kwa kaboni iliyomo ndani ya mabaki, ilikuwa bado inatengenezwa Chicago. Ulaya walikuwa na enzi zao za barafu zilizopangwa kwa majina ya mito, na wataalamu waliokuwa huku, Wayland, mwanajiolojia aliyefanya kazi Uganda, akiwa mmoja wa waanzilishi, walikuwa wameona fukwe za kale juu kabisa ya maziwa ya Bonde la Ufa. Wakafikiri: kule baridi ilileta barafu, huku baridi hiyohiyo ilileta mvua. Wakaziita enzi za mvua kubwa, wakazipa majina ya nyumbani: Kagera, Kamasia, Kanjera, na Gamble, kutokana na pango lililo karibu na Elmenteita. Kongamano likaukubali mpango wa enzi za mvua. Kwa miaka zaidi ya kumi, jiwe la kale likiokotwa popote kati ya Sudan na Rasi ya Tumaini Jema lilipangwa kwenye mojawapo ya makabati hayo.

Halafu makabati yakaanza kuvunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajiolojia, Flint wa Marekani miongoni mwao, walipita tabaka kwa tabaka na kuonyesha kwamba baadhi ya "fukwe" zilipandishwa na mitetemo ya Bonde la Ufa, wala si na maji. Pigo la mwisho likaja na redio-kaboni. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha pamoja na mengine: maji yalikuwa juu sana karibu miaka 9,000 iliyopita, barafu ya Ulaya ikiwa imekwisha kuyeyuka. Barafu ilipokuwa kwenye kilele chake, miaka 20,000 hivi iliyopita, huku kwetu kulikuwa kukavu. Ilikuwa kinyume kabisa.

Kwa nini nakusimulia yote haya? Kwa sababu bado kuna vitabu vya sekondari na waongoza watalii wanaosema "barafu kule, mvua huku", na mtafiti kijana akiandika hivyo kwenye sentensi yake ya kwanza, msomaji anaishia hapo. Na pia kwa sababu wale wa 1947 hawakuwa wajinga. Waliona fukwe kwa macho yao. Walichokosa ni tarehe.

Ikisiri, na tarehe zake

Ikisiri ni maneno 250 mpaka 300 hivi. Watu wanayamaliza kwa kusema mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani. Futa. Anayesoma ikisiri mia moja kwa usiku mmoja anajua hilo.

Ya kwanza niliyoandika ilianza hivi: "Ziwa Victoria ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika na lina umuhimu mkubwa kwa mamilioni ya watu." Ni kweli, na haina kazi. Mwalimu wangu aliikata kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni: *umeona nini?* Toleo lililokubaliwa lilianza hivi: "Chini ya tope laini la ziwa tunakuta udongo mgumu, uliopasuka kwa jua, wenye vimizi vya nyasi, vimizi hivyo havioti chini ya maji." Bibi angeniacha niendelee.

Mpangilio ninaoutumia mpaka leo ni huu: nimeona nini, kiko kina gani, kina umri gani na nimeujuaje, na hiyo inamkosoa au kumuunga mkono nani. Hilo la mwisho vijana wengi huliogopa. Usiogope, lakini uwe na uhakika. Wapo wanaofungamanisha ukavu wa Ziwa Victoria na kumwagika kwa milima ya barafu kutoka Amerika ya Kaskazini kwenye Atlantiki, miaka 17,000 mpaka 16,000 iliyopita, kwamba bahari ilipoa huko na mvua zetu zikakatika. Ukisema tarehe zako zinalingana na hilo, ujue utaulizwa: zinalingana kwa kiasi gani, miaka mia moja au elfu mbili?

Kwa hiyo tuseme neno kuhusu tarehe, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, mimi wa kwanza.

Maabara ikikuandikia 12,500, hiyo ni miaka ya redio-kaboni, na si miaka ya kalenda. Kaboni-14 iliyopo hewani haikuwa ileile siku zote, kwa hiyo lazima urekebishe kwa mkunjo, yaani mstari wa kusahihishia tarehe, uliotengenezwa kwa pete za miti, mashapo na matumbawe. Miaka 12,500 ya redio-kaboni ikirekebishwa inasogea karibu na 14,700. Zaidi ya miaka elfu mbili imejificha hapo! Mtu akichukua tarehe moja iliyorekebishwa na nyingine ambayo haikurekebishwa akazipanga kwenye mchoro mmoja, amebuni ukame ambao haukuwepo. Nimeuona mchoro huo ukutani. Nimeuchora pia.

Halafu kuna "sasa". Tunaposema miaka kadhaa kabla ya sasa, sasa hiyo ni mwaka 1950. Kwa tope la miaka 15,000 haisumbui. Kwa anayefanya kazi na ukame wa miaka 300 iliyopita, ni kosa la kuaibisha.

Halafu mkunjo upi. Mikunjo ya karibuni ni ya 2020, mmoja wa nusu ya kaskazini ya dunia na mwingine wa kusini. Sisi tumekaa juu ya mstari wa Ikweta, pepo za kaskazini na za kusini zinatupokezana kila msimu. Tofauti ni ndogo, miongo michache, lakini swali litakuja, na jibu "ndio uliokuwa kwenye programu" si jibu. Sema umetumia upi, sema ulijaribu na mwingine, sema hitimisho halikubadilika.

La mwisho, na kubwa: ulipima nini? Tope zima likipimwa lina kaboni ya kila namna, ya kale na ya karibuni. Katika maziwa ya volkano, gesi ya kale inayotoka ardhini huingia majini, mwani unaila, nao unaonekana mzee wakati ulikufa juzi. Kipande cha mkaa au jani lililodondoka kutoka nchi kavu ni shahidi bora. Ukiwa na hela ya tarehe tano tu, usipime tope mara tano. Tumia wiki mbili kuchekecha utafute majani matatu.

Hela na viza

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu taratibu hubadilika na hasira hazisaidii.

Usilipe ada ya usajili kwa mshahara wako kabla hujaomba msaada. INQUA, PAGES na EGU wote wana fungu la watafiti vijana na la nchi zisizo na uwezo, na ombi mara nyingi linakwenda pamoja na ikisiri, siyo baada yake. Watu wanajaza ikisiri usiku wa mwisho, wanaruka kile kisanduku kidogo cha kuomba ufadhili, halafu wanatuma ujumbe wa kilio mwezi wa tatu. Tiki kisanduku. Na soma kama wanalipa kabla au wanakurudishia baadaye, kwa sababu tiketi ya kurudishiwa ni mkopo unaowapa wao.

Viza ya Ulaya: ombi unaweza kulipeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudi hata ukikataliwa. Ikisiri za Vienna hufungwa mwezi wa kwanza na mkutano kwa kawaida ni wa nne, kwa hiyo ukisubiri barua ya kukubaliwa ndipo utafute miadi, umechelewa. Chukua miadi mapema, utapeleka barua ikifika. Taarifa ya benki isiwe na milioni tatu zilizoingia jana asubuhi. Maofisa wanazijua hela za kuazima kwa shemeji.

Ukienda Lucknow, uliza mapema kama watakudai kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano; wakikidai, kiweke pamoja na pasi, na uwe umechanjwa siku kumi kabla ya kuondoka.

Na posho. Nitasema hili kwa upole kwa kuwa nawajua watu wangu: hakuna bahasha. Ukizoea warsha za mjini ambapo unasaini karatasi na kupewa nauli, kule utasaini na kupewa kalamu.

Siku yenyewe

Andaa maelezo yako kwa Kiswahili kwanza, hata kama utazungumza Kiingereza. Mimi humweleza dereva wa bajaji kutoka Mwenge mpaka nyumbani. Kwa Kiingereza naweza kujificha nyuma ya maneno marefu. Kwa Kiswahili, nikifika mahali nisipoelewa, dereva ananiangalia kwenye kioo. Hapo ndipo penye shimo. Siku moja nilimweleza kwamba nta ya majani hubaki kwenye tope maelfu ya miaka na inatuonyesha kama kulikuwa na mvua. Akasema, "Inaonyeshaje?" Sikuwa na jibu la sentensi moja. Niliingia ndani nikakaa nalo mpaka saa sita usiku: haidrojeni ya maji ina nzito na nyepesi, mvua nyingi huku kwetu huja na nyepesi zaidi, na jani linaunda nta yake kwa maji hayo.

Ukipewa mazungumzo, utakuwa na dakika 12 au pungufu. Slaidi nane zinatosha. Weka moja ya ziada mwishoni, ambayo huonyeshi: jedwali la tarehe zote, na maabara, kina, na kitu kilichopimwa. Mtu akinyoosha mkono kuuliza tarehe, unairukia. Ukumbi mzima unatulia. Nimeona mabinti wawili wa Kitanzania wakipata mialiko ya warsha kwa slaidi hiyo ambayo haikuwa kwenye mazungumzo.

Ukipewa bango, usisikitike. Bango ni bora. Kwenye jukwaa unaongea na giza. Kwenye bango mtu anakuja kwa hiari yake na kikombe mkononi. Simama kando ya bango, usilikinge. Tarehe ziweke usawa wa macho. Usimsomee mgeni, muulize yeye anafanya kazi wapi, kisha mwonyeshe kitu kimoja. Picha ya mua wa tope uliopasuliwa kwa urefu, ile mistari myeusi na ya kijivu, inafanya kazi kuliko michoro yote.

Utaulizwa Kilimanjaro. Hata kama unafanya kazi na chavua za Rukwa, ukisema Tanzania, watakuuliza Kilimanjaro, kwa hiyo uwe na jibu. Barafu ya kileleni mwaka 1912 ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika mbili. Mwaka 2000 kundi la Lonnie Thompson lilitoboa kori sita, na matokeo yao ya 2002 yaliikadiria barafu ya chini kabisa kuwa ya miaka 11,700 hivi. Wapo wanaobisha, wakisema barafu hiyo huenda iliisha na kurudi. Kwa vyovyote, barafu unayoiona leo juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, si ya kilele cha enzi ya barafu. Shahidi wa wakati ule ni matuta ya mawe yaliyosukumwa mbali chini yake, ambayo wapagazi wanayapita kila siku wakiwa na mahema ya watu kichwani. Sema hivyo, kisha mrudishe mgeni kwenye bango lako.

Kama kuna safari ya uwandani kabla au baada ya mkutano, jinyime kitu kingine uende. Ndani ya basi, kwenye kiti cha pembeni, profesa ambaye ukumbini alikuwa amezungukwa anakuwa mtu mwenye njaa anayetafuta pipi mfukoni. Beba korosho.

Na chakula cha jioni cha kongamano kinalipiwa pembeni. Mimi sijawahi kulipa. Kundi zuri huwa nje, limekosa hela kama wewe.

Tope ni la nani

Utarudi na kadi na ahadi. "Tunakuja Juni, tungependa kushirikiana." Vizuri. Lakini nilishawahi kubeba mabomba ya kundi moja, silitaji, wiki tatu kwenye mawimbi, nikatafuta mitumbwi, nikapatanisha na wenye mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, nikatapika. Makala ilipotoka jina langu lilikuwa kwenye shukrani, herufi mbili zimekosewa. Tope lote liko jokofuni nchi nyingine na sijawahi kuliona tena.

Siku hizi nasema mapema, tukiwa bado tunakunywa chai. Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya nchi yetu, kinaandikwa na jina la mshirika wa hapa, na huyo mshirika ana kazi yake iliyotajwa, siyo "msaidizi wa uwandani". Kori ikipasuliwa kwa urefu inatoka nusu mbili, ya kufanyia kazi na ya kuhifadhi. Tunakubaliana kwa maandishi nusu ipi inalala wapi. Na nani ataandika nini. Anayekimbia baada ya kusikia hayo alikuwa anatafuta mbebaji.

Ukirudi

Chapisha bango kwa kitambaa. Linakunjwa kama kanga, linaingia kwenye begi la mkononi, halipotei uwanja wa ndege wa kuunganisha kama ule mrija wangu wa plastiki uliokwenda Addis bila mimi. Na kitambaa kina maisha baada ya kongamano.

La mwisho nililipeleka mwaloni, kule tulikochukulia tope. Mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo, alilitundika ukutani mwa ofisi yao, juu ya mizani ya dagaa. Nilikuwa nimebandika maneno ya Kiswahili juu ya yale ya Kiingereza kwa karatasi na gundi. Wakaja wavuvi wakalitazama. Nikawaeleza udongo mgumu, vimizi, ziwa lililokuwa mbuga, kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Nilijiandaa kwa "Nani aliona?"

Kijana mmoja aliyekuwa akishona wavu hakuuliza hivyo. Alisema, "Humu kuna furu mia ngapi, na wengine hawapo ziwa lingine lolote. Kama lilikauka lote, furu walikuwa wapi?"

Wataalamu wanahesabu aina zaidi ya 500 za samaki hao wadogo, na wamebishana juu ya jambo hilo tangu miaka ya 1990: walitokea wote ndani ya miaka 15,000, au walijificha kwenye mito na vidimbwi wakarudi? Nilimwambia hivyo. Akasema basi tukatoboe tope la vidimbwi, anavijua vitatu nyuma ya kisiwa chao ambavyo havijawahi kukauka toka enzi za babu yake. Nimeshaandika sentensi ya kwanza ya ikisiri. Inabaki miezi miwili kabla hawajafunga, na mtumbwi ni wake.